Sura ya Korongo Itundikwe Wapi?

Abiria anayepanda matatu Kitale kuelekea Bungoma, akipitia Kiminini na Kamukuywa, hulipa nauli kisha makanga akamrudishia chenji. Ndani ya chenji hiyo mna wanyama. Shilingi moja ina twiga, shilingi tano ina kifaru, kumi ina simba na ishirini ina ndovu. Benki Kuu ya Kenya ilizitoa sarafu hizo mwezi wa Desemba 2018, na chanzo chake ni Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 231 inakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye pesa za nchi. Marais wakatoka, wanyama wakaingia.

Kule Lwakhakha, mpakani upande wa Bungoma, muuza vitunguu hushika pia sarafu ya Uganda ya shilingi 500. Hiyo ina kichwa cha korongo taji, ndege yule yule aliye katikati ya bendera ya Uganda tangu uhuru wa 1962. Basi mkulima wa Bungoma humwona korongo kwenye pesa ya jirani, na kwenye pesa yake mwenyewe hamwoni, ilhali ndege huyo anatembea katika shamba lake la mahindi.

Mazungumzo ya leo yanahusu sura za wanyama na watu wanaozichora au kuzipiga picha ili wanyama wenyewe wasiangamie. Wachoraji hao wapo, na baadhi yao wamechangisha fedha nyingi. Swali la kuwauliza ni moja: picha ikishakamilika, inatundikwa wapi, na anayeitazama ana uwezo gani juu ya uhai wa mnyama huyo?

Tuanze na aliyefanikiwa kuliko wengi. Mwaka 1949 kijana wa Kiingereza aitwaye David Shepherd, mwenye umri wa miaka 18, alishuka Kenya akitaka kazi ya kusimamia wanyamapori. Nairobi wakamwambia hafai. Akateremka Pwani, akapata kibarua cha kupokea wageni hotelini, na kwa kuwa mshahara ulikuwa kiduchu akaanza kuchora ndege na kuuza kila picha kwa pauni 10. Pesa hizo ndizo zilizomlipia nauli ya kurudi kwao. Huko London alijaribu kuingia chuo cha sanaa cha Slade, wakamkataa wakisema hana kipaji. Aliyemwokoa ni mchoraji Robin Goodwin, aliyemfundisha kazi kwa miaka kadhaa.

Shepherd alijipatia jina kwa kuchora ndege nyingine, zile za chuma. Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa likimsafirisha huku na huko achore ndege za kivita, na mwaka 1960 likamleta tena Kenya. Safari hii maafisa hawakutaka ndege. Walitaka picha ya kitu cha hapa hapa Afrika. Akawachorea kifaru kwa pauni 25. Ilikuwa picha yake ya kwanza ya mnyamapori.

Mwaka huo huo, nchini Tanganyika, alikuta kisima cha maji ambacho majangili walikuwa wamekitia sumu. Kandokando yake pundamilia 255 walikuwa wamelala, wamekufa. Aliyasimulia hayo maisha yake yote kila alipoulizwa jinsi alivyogeuka kuwa mtetezi wa wanyama, na hayakuhitaji chumvi wala pilipili.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Picha yake ya ndovu mzee ilichapishwa kwa nakala za bei nafuu miaka ya 1960, na nyumba nyingi za Uingereza zikaning'iniza ndovu wa Afrika juu ya meko. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliuza michoro yake ikanunuliwa helikopta ya kupambana na majangili nchini Zambia, na Rais Kenneth Kaunda, akijua kuwa mchoraji huyo ana wazimu wa garimoshi, akamzawadia kichwa cha treni cha mvuke. Mwaka 1973 picha yake ya simbamarara, iliyoitwa Tiger Fire, iliingiza pauni 127,000 kwa kampeni ya Indira Gandhi ya kuwanusuru simbamarara wa India. Mwaka 1984 akaanzisha wakfu wake mwenyewe, ambao umeendelea na kazi hata baada ya yeye kufariki mwaka 2017.

Jinsi fedha hizo zinavyopatikana si siri. Mchoraji hutoa picha halisi, ikapigwa mnada kwa matajiri. Kisha hutoa nakala chache zilizohesabiwa, kila moja ina namba yake na sahihi yake kwa penseli, na uchache huo ndio unaoipa bei. Mwisho kabisa huja kadi na kalenda, za kila mwenye shilingi. Mchoro mmoja huvunwa mara tatu.

Hata hivyo, mnunuzi wa simbamarara wa Shepherd alikuwa mtu wa London au New York. Hakuwa akilima kando ya msitu, mbuzi wake hawakuliwa usiku, wala uamuzi wake wa kesho asubuhi haukumgusa simbamarara kwa namna yoyote. Alichokuwa nacho ni hela, na picha ilikwenda kumtafuta pale zilipo. Kwa kazi hiyo ukuta wa London ulifaa. Helikopta ikanunuliwa, majangili wakafukuzwa. Lakini hakuna helikopta inayoweza kumzuia mtu aliyeshika jembe akikausha kinamasi mtaro kwa mtaro.

Wa pili ni mpigapicha, Nick Brandt, naye pia Mwingereza, ambaye kwa miaka mingi alipiga picha za wanyama wa Afrika Mashariki kama vile mpigapicha wa studio anavyompiga mzee wa heshima. Hakutumia lenzi ndefu za kuvutia mnyama kutoka mbali. Alikaa karibu, akasubiri, akatumia filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 2007 alimpiga picha ndovu mkubwa wa Amboseli aitwaye Igor, ambaye alikuwa mpole kiasi cha kumwachia mtu amsogelee. Miaka miwili baadaye Igor aliuawa kwa ajili ya pembe zake.

Mwaka 2010 Brandt alishirikiana na mhifadhi Richard Bonham kuanzisha shirika la Big Life, linaloajiri askari wa wanyamapori kutoka jamii za Wamaasai wanaoishi na ndovu hao. Wenyeji wa eneo wakapata mshahara wa kuwalinda ndovu ambao wageni walikuja kuwapiga picha.

Kazi yake iliyofuata ndiyo inayotuhusu zaidi. Katika mradi uliotoka kama kitabu mwaka 2016, Inherit the Dust, alichukua picha zake za zamani, akazichapisha kwa ukubwa wa mnyama mwenyewe, akazibandika kwenye mbao na kuzisimamisha nchini Kenya mahali ambapo wanyama hao walikuwa wakizunguka zamani: kwenye jaa la takataka, machimbo ya mawe, chini ya daraja la barabara kuu, kiwandani. Kisha akapiga picha upya. Watu wanapita na mizigo yao, ndovu amesimama katikati yao kwa karatasi, na hakuna anayegeuka kumtazama.

Wapo watu wa Trans Nzoia wasiohitaji kuelezwa hayo. Soy, kwenye barabara ya Eldoret na Kitale, palikuwa na twiga wa aina ya Rothschild, wenye miguu myeupe kuanzia magoti kwenda chini kana kwamba wamevaa soksi. Mashamba makubwa yalipogawanywa kwa wakulima wadogo miaka ya 1970, twiga wakakosa pa kukaa. Baadhi walihamishiwa Nakuru mwaka 1977. Wengine wachanga walikuwa wamekwisha kupelekwa Lang'ata, Nairobi, na Jock na Betty Leslie-Melville, na kutokana na hao kikazaliwa Kituo cha Twiga ambacho watoto wa shule hutembelea hadi leo. Mtoto wa Soy hupanda basi siku nzima kwenda Nairobi kumwona twiga ambaye bibi yake alikuwa akimfukuza shambani.

Wa tatu yuko karibu zaidi, ng'ambo tu ya Mlima Elgon. Mchoraji wa Uganda Taga Nuwagaba, kwa kutumia rangi za maji, alichora wanyama wa koo za Buganda mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2014 yeye na Nathan Kiwere wakatoa kitabu kiitwacho Totems of Uganda. Kila ukoo wa Buganda una mnyama wake au mmea wake wa mwiko, ambao watu wa ukoo huo hawamli wala hawamdhuru: kuna ukoo wa simba, wa chui, wa fisi maji, wa kakakuona, wa kima, wa fungo. Upo pia ukoo wa Enjobe, ambao mnyama wao ni nzohe, yule swala wa kinamasi.

Nuwagaba alikuwa amegundua mlango mwingine. Mtazamaji wake hakuombwa kumhurumia mnyama wa mbali. Alikuwa akionyeshwa jamaa yake. Kijana wa Kampala anayejua kwamba yeye ni wa ukoo wa kakakuona, na ambaye hajawahi kumwona kakakuona hata siku moja, hukaa mbele ya picha ile akahesabu magamba. Anatambua, bila kuhubiriwa, kwamba ana deni. Picha imewekwa ndani ya jina lake mwenyewe.

Koo mbalimbali za Waluhya nazo zina miko ya wanyama, na Wabukusu wa Bungoma bado huulizana ukoo kabla hata ya kuulizana kazi. Na ikiwa kuna mtu anadhani mambo ya mnyama wa jamii yamepitwa na wakati, basi na aende uwanjani siku AFC Leopards wanapocheza, asikie umati ukiita Ingwe, Ingwe. Chui yuko kwenye jezi, yuko kwenye bendera, yuko kwenye mashavu ya watoto waliopakwa rangi. Kule porini yuko wapi, hilo umati hauulizi.

Sasa turudi Kitale. Mji huu una sababu yake ya kupenda mambo ya viumbe. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mwanajeshi aliyekuwa na uchu wa kukusanya vipepeo, ndege, nyoka na vitabu, alifungua makumbusho yake binafsi hapa mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia serikali mali hiyo, na mwezi wa Desemba 1974 Makumbusho ya Kitale yakafunguliwa kwa umma, ya kwanza katika bara la Kenya, mbali na Nairobi na Pwani. Mchoraji wa Kitale anayetaka kujua unyoya wa bawa umepangwaje ana pa kwenda, tena kwa miguu kutoka katikati ya mji.

Mwaka ule ule wa 1974 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp, umbali wa kilomita ishirini na kitu kutoka mjini, kandokando ya barabara ya Kapenguria. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 3 hivi, na inahesabiwa kuwa ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Gari haliingii. Mgeni hutembea kwenye njia za mbao juu ya matope na kupanda minara ya kuangalilia. Ilitengwa kwa ajili ya nzohe.

Huyu nzohe ni mtihani kwa mchoraji. Kwato zake ni ndefu na zimepanuka, hivyo hukanyaga juu ya mafunjo bila kuzama, na mchoraji aliyezoea kwato fupi za mbuzi atakosea miguu yote minne. Dume ana pembe zilizojisokota na manyoya ya kahawia iliyokolea. Jike hana pembe, na rangi yake inaelekea wekundu. Akitishwa hutumbukia majini akabaki pua tu. Hakai mkao wa kupigwa picha kama simba wa Maasai Mara, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya sura yake ionekane kwa nadra kwenye kuta za hoteli za kitalii.

Juu ya miti ya Saiwa kuna kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na kipaji cha rangi ya machungwa. Na pembeni, kwenye mashamba na nyasi fupi, anatembea korongo taji.

Korongo taji amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini tangu 2012. Wanaomwangamiza si majangili wa bunduki. Kinamasi anamotaga kinalimwa. Makinda yake yanakamatwa yakauzwe. Nyaya za umeme zinamgonga angani. Na kubwa zaidi kwa nchi ya mahindi kama hii, ndege huyu hufukua mbegu zilizopandwa, na baadhi ya wakulima huweka mbegu zenye sumu ili kumkomesha. Tena anajulikana kwa kushikamana na mwenzake. Mmoja akifa, aliyebaki hachelewi kuonekana akitembea peke yake.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kundi la wanakijiji wa Kipsaina, jirani na Saiwa, limekuwa likifanya kazi ya kumrudisha. Hupanda miti ya kienyeji kwenye kingo za kinamasi, hutunza vitalu vya miche, hufuga nyuki na samaki ili mtu apate riziki bila kukausha maji, na huzunguka shuleni kuwafundisha watoto. Hao ndio wanaojua nani analima wapi na nani ana hasira na korongo. Mchoraji anayetaka kusaidia hana haja ya kuanzisha shirika. Aende Kipsaina akaulize ni picha gani wanaihitaji, na waitundike wapi.

Mlima Elgon nao una hadithi yake. Ndovu wa Elgon huingia katika pango la Kitum gizani, wakipapasa kwa mkonga, na kwa pembe zao hukwangua ukuta wa mwamba ili walambe chumvi. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza vibaya. Ndovu anayechorwa kwa ajili ya wakazi wa Kapsokwony au Cheptais na awe huyo, mwenye vumbi la pango usoni na pembe zilizochakaa, kwa sababu ndovu wa Amboseli mbele ya Kilimanjaro tayari yuko kwenye kila kalenda, na mtu wa Cheptais humwona kama mgeni.

Wachoraji wenyewe hawakosekani. Magharibi ya Kenya imejaa mafundi wa mabango. Ndio wanaochora vichwa vya wateja nje ya kinyozi, kuku na chipsi nje ya hoteli, na simba, ndovu na twiga kwenye ukuta wa shule ya chekechea. Mwalimu mkuu huwaagiza wanyama, nao huchora wale wanaowajua, yaani wale wale wa kwenye sarafu. Mtoto wa eneo la Kwanza, Trans Nzoia, anamaliza chekechea akiwa amefundishwa simba, ambaye huenda asikutane naye maishani, na hajafundishwa korongo anayemwona njiani akienda shule. Kubadilisha hilo hakuhitaji ufadhili kutoka ng'ambo. Kunahitaji mwalimu mkuu aseme, "Fundi, hapo mwisho tuwekee korongo na nzohe," na fundi awe amekwenda Saiwa angalau mara moja, alfajiri, wakati nzohe wanatoka kula.

Swali la riziki lisikwepwe. Fundi wa mabango hula kwa brashi, na haifai kila anayehubiri uhifadhi amtake achore bure kwa jina la mazingira. Shepherd mwenyewe aliishi vizuri kwa picha zake. Alichotoa alikitoa juu ya maisha hayo. Na pale picha inapouzwa kwa kusema kwamba sehemu ya bei ni ya wanyama, mnunuzi ana haki ya kuambiwa ni sehemu gani, inakwenda kwa nani, na risiti iko wapi. Muuzaji mkweli hujibu pale pale. Anayeng'aka, mnunuzi arudishe pochi mfukoni.

Kuna ukuta mmoja ambao haujapewa nafasi yake, nao ni wa agroveti. Mwezi wa Machi, mvua ndefu zinapokaribia, kila mkulima wa Trans Nzoia na Bungoma hupita katika duka hilo kununua mbegu, mbolea na dawa. Ukuta wake wa nje kwa kawaida una ng'ombe wa maziwa, kuku na gunzi kubwa la mahindi. Hapo ndipo mtu husimama akiwa na noti mkononi, akifikiria ndege waliomfukulia mbegu mwaka jana, na hapo ndipo uamuzi wa sumu hufanywa. Hakuna jumba la maonyesho London lenye watazamaji wa namna hiyo, ambao kila mmoja ana uhai wa korongo wawili au watatu mikononi mwake.

Korongo taji ana urefu wa mita moja hivi, kwa hiyo anaenea vizuri kando ya mlango akiwa na ukubwa wake halisi, pamoja na mwenzake na kinda. Chini yake yatosha mistari miwili: kwamba ndege huyu hula pia panzi na wadudu wa shambani, na kwamba mtoto kijijini anaweza kulipwa kidogo awafukuze kwa siku zile chache kabla mahindi hayajashika mizizi. Muuza dawa hapotezi kitu. Mkulima atanunua mbegu na mbolea vile vile. Rangi zinazohitajika ni nyeusi, nyeupe, kijivu, dhahabu ya taji na nyekundu kidogo ya kidevuni, na fundi yeyote wa mabango wa Kitale anazo zote kibandani kwake.